Mwanangu ana selimundu: tuuze shamba tukatafute tiba ya jeni, au turudi kwenye vidonge?

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kilosa. Ujumbe wake ulikuwa mrefu, nimeupunguza bila kugusa maana:

"Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 6. Aligundulika ana selimundu akiwa na mwaka na nusu. Alizaliwa mzima kabisa, kilo 3 na nusu, mpaka alipofika miezi 8 ndipo vidole vya mikono na miguu vikaanza kuvimba. Mwaka jana kliniki walimwanzishia haidroksiyurea, nikaona nafuu. Lakini shemeji yangu anayesomea ufamasia akasema hiyo ni dawa ya saratani, itamharibia uzazi. Nikaacha kumpa, sasa ni mwezi wa tatu. Halafu nimeona video kwenye simu kwamba Marekani na Uingereza wamepata tiba ya kurekebisha jeni, mtu anapona moja kwa moja. Tuna shamba la ekari 4. Tuuze tumpeleke, au tusubiri ifike huku? Na mama mkwe anasema ugonjwa huu umetoka upande wetu. Ni kweli?"

Marahaba, mama. Pole kwa kuuguza.

Nianze na shamba, maana hilo haliwezi kungoja mpaka nimalize maelezo. Msiuze. Tiba uliyoiona kwenye simu ipo kweli, si uzushi, na nitakueleza inavyofanya kazi. Lakini ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, yaani zaidi ya shilingi bilioni 5, na hapo hujahesabu kitanda wala tiketi za ndege. Hata mkiuza ekari zote za kijiji hamfiki. Isitoshe, iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na kuendelea, na wako ana 6.

La pili: mrudishe mtoto kliniki wiki hii, apimwe damu, aanzishiwe dawa yake tena. Usimwanzishie mwenyewe kwa kukisia. Dozi hufuata uzito, na kwa miezi mitatu mtoto wa umri huo anaweza kuwa amebadilika. Najua "daktari kasema" peke yake haitoshi kumshinda shemeji mkiwa mmekaa sebuleni, kwa hiyo ngoja nikupe hoja zenyewe.

Kitu kilichonivutia kuliko vyote katika ujumbe wako umekitaja kwa kupita tu: alizaliwa mzima, akabaki mzima mpaka miezi 8. Najua watu walivyolitafsiri hilo. Mtoto analala anacheza, anaamka vidole vimetuna na analia ukimgusa. Hakosi mtu wa kusema amepigwa jicho. Kumbe ile miezi 8 ya uzima ndiyo ufunguo uliofungua karibu utafiti wote wa tiba ya ugonjwa huu, pamoja na hiyo ya kwenye video.

Ndani ya chembe nyekundu za damu kuna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Imesukwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Maelekezo ya kutengeneza beta yamo kwenye jeni moja iliyoko kromosomu ya 11, na kwa mwenye selimundu kuna herufi moja tu iliyokosewa: penye A pamekaa T. Kwa kosa hilo, kiungo cha sita cha mnyororo wa beta, ambacho kilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, kinakuwa valini. Vernon Ingram ndiye aliyeonyesha Cambridge, mwaka 1956, kwamba tofauti yote ilikuwa kwenye kipande kimoja kidogo cha protini hiyo. Sasa, valini haipendi maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni yake, valini ya hii inajichomeka kwenye kishimo cha jirani yake, ya jirani kwa mwenzake, mpaka zinajipanga kuwa kamba ndefu ngumu zinazoisukuma chembe kutoka ndani.

Ukitaka kuliona hilo kwa macho, njoo maabara. Tone la damu ya mwanao likiwekwa kwenye kioo, likachanganywa na dawa inayofyonza oksijeni, likafunikwa kwa kioo chembamba na kingo zikazibwa hewa isipenye, mwanzoni chembe zinaonekana duara, zimebonyea katikati kama kisosi. Unasubiri. Kisha moja inaanza kuvutwa pembe. Nyingine inarefuka. Baada ya muda uwanja mzima umejaa vipande vilivyopinda, vyenye ncha, na hapo huhitaji kuambiwa kwa nini waliotafuta jina la Kiswahili walishika neno mundu. Chembe hizo zikirudishiwa oksijeni, nyingi zinarudi kuwa duara. Lakini zikipindwa na kunyooshwa mara nyingi, kama waya, hufika mahali haziwezi kurudi tena. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Za mwanao huishi siku 10 hadi 20. Ndiyo sababu ya upungufu wa damu na macho ya manjano. Maumivu yenyewe hutokea zile zenye ncha zinapoziba mishipa midogo, na mara nyingi huanza na vidole vya watoto wadogo, kama ulivyoona.

Sasa turudi kwenye miezi 8.

Mwaka 1948 daktari wa watoto wa Brooklyn, New York, aitwaye Janet Watson, alichunguza damu ya watoto wachanga waliorithi hali hii, akaona chembe zao hazipindi kwa wingi kama za wakubwa. Akafikiri: mtoto mchanga ana himoglobini yake ya tumboni, pengine ndiyo inayomkinga. Alikuwa sahihi. Tumboni mtoto hatumii mnyororo wa beta, anatumia mwingine unaoitwa gama, ambao hauna kosa lile. Akishazaliwa, mwili unazima gama na kuwasha beta, kidogo kidogo, kwa muda wa miezi. Na himoglobini ya kichanga haiishii kutokupinda yenyewe. Ikiwa ndani ya chembe moja na ile mbovu, inaharibu mpango wa zile kamba. Fikiria mstari wa wachezaji ngoma walioshikana mikono, akaingia katikati mtu mwenye mikono mfukoni: mstari unakatikia hapo.

Ushahidi mwingine ulitoka Ghuba. Miaka ya 1970 daktari Perrine, aliyefanya kazi mashariki ya Saudi Arabia, alieleza kuhusu watu wa huko waliokuwa na SS kamili (jeni mbili za selimundu, moja ya kila mzazi), kama mwanao, lakini ugonjwa wao mpole. Walipopimwa wakakutwa bado wana himoglobini ya kichanga kwa wingi, ukubwani. Swichi yao haikuzimika vizuri. Kwa hiyo swali likawa: swichi yenyewe iko wapi?

Jibu lilichukua miaka mingine 30. Mwaka 2007 na 2008 makundi ya watafiti waliochambua vinasaba vya watu wengi, wakiwamo wa kisiwa cha Sardinia, walikuta jeni iitwayo BCL11A inahusika, na mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin wa Boston wakaonyesha kwamba ndiyo inayoizima gama. Ukiidhoofisha, himoglobini ya kichanga inarudi. Na si Sardinia tu. Wagonjwa zaidi ya elfu moja wa Muhimbili, ambako tangu 2004 wagonjwa wa selimundu wamekuwa wakisajiliwa na kufuatiliwa, walichangia damu yao kwenye utafiti uliochapishwa 2014, na BCL11A ikajitokeza vilevile kwao. Napenda kulitaja hili kila nikipata nafasi, maana tumezoea kusikia kwamba sayansi inafanyika kwingine halafu inatufikia sisi kwenye kopo.

Hiyo ya kwenye video inaitwa Casgevy. Uingereza iliidhinisha Novemba 2023, Marekani Desemba 2023, na nchi za Ghuba kama Bahrain na Saudi Arabia nazo hazikuchelewa, kwa sababu huko ugonjwa huu ni wa nyumbani. Mara nyingi inasimuliwa kwamba "wanarekebisha jeni ya selimundu". Sivyo. Ile herufi iliyokosewa inaachwa palepale. Wanachofanya ni kutoa seli shina za uboho wa mgonjwa mwenyewe, kuzipeleka maabara, na kwa mkasi wa kimolekuli uitwao CRISPR, uliowapa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna Tuzo ya Nobel ya mwaka 2020, wanakata kipande kinachoiwasha BCL11A ndani ya seli zinazozaa damu. BCL11A inalegea, gama inarudi. Kwa maneno mengine, wanamrudisha mgonjwa kwenye ile miezi yake 8.

Matokeo ni makubwa, sitayapunguza. Katika majaribio, kati ya wagonjwa 30 waliofuatiliwa muda wa kutosha, 29 walikaa angalau miezi 12 bila shambulio kubwa la maumivu. Hawa walikuwa watu wa kulazwa kila mara. Victoria Gray wa Mississippi, Mmarekani wa kwanza mwenye selimundu kutibiwa hivyo, alipewa seli zake zilizokatwa mwaka 2019, na amekuwa akijieleza mwenyewe hadharani tangu hapo.

Lakini video haikukuonyesha katikati yake. Kabla ya kurudishiwa seli hizo, uboho wa zamani lazima uondolewe, na unaondolewa kwa busulfani, dawa kali ya kemotherapi. Nywele zinanyonyoka, mdomo unajaa vidonda, kinga inashuka hadi karibu na sifuri, mgonjwa anakaa wiki kadhaa kwenye chumba cha peke yake. Na busulfani ndiyo yenye hatari ya kweli ya kuharibu uzazi, kiasi kwamba wagonjwa hushauriwa kuhifadhi mayai au mbegu kabla. Kwa hiyo shemeji amelenga penye hofu, ila amepiga dawa isiyo yenyewe.

Hiyo yake sasa, haidroksiyurea.

Ni kweli inatumika kwa baadhi ya saratani za damu. Shemeji hakudanganya. Lakini dawa si kabila, haizaliwi ya saratani ikafa ya saratani. Mwaka 1984 Orah Platt na wenzake wa Boston waliwapa wagonjwa wa selimundu haidroksiyurea wakaona himoglobini ya kichanga inapanda. Unaona ilipofika? Palepale. Kinachofanywa na mkasi wa dola milioni mbili, kapsuli ya mwanao inakifanya kwa njia yake, taratibu, bila kulazwa. Haifiki mbali kama mkasi, na ukiiacha nayo inakuacha. Ila barabara ni ileile. Na inafanya zaidi: inapunguza chembe nyeupe zinazogandamana kwenye kuta za mishipa, na kuzifanya chembe nyekundu ziwe kubwa na zenye maji zaidi, kwa hiyo zinapita kwa urahisi.

Marekani iliiidhinisha kwa wakubwa mwaka 1998. Huku kwetu ilichelewa, na sababu mojawapo ilikuwa hofu yenye mantiki: dawa inayoshusha chembe nyeupe, kwenye nchi yenye malaria, si itawamaliza watoto? Hofu hiyo ilijibiwa kwa utafiti uliofanyika hukuhuku. Uitwao REACH, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapa dawa watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Mbale ya Uganda na Kilifi ya Kenya. Nitakupa namba zake kwa namna ya kuhesabika. Chukua watoto 100 wenye selimundu, wafuatilie mwaka mzima. Kabla ya dawa walipata matukio ya maumivu 98. Wakiwa kwenye dawa, 45. Kuongezewa damu kulishuka kutoka mara 43 hadi 14. Vifo vilishuka kutoka karibu 4 hadi 1. Na malaria, ile iliyoogopwa, haikupanda: kutoka 47 ilishuka hadi 23. Sikumbuki kidonge kingine cha siku kwa siku kwa watoto hawa chenye namba za namna hiyo.

Kuhusu uzazi sitakuficha. Kwa wanaume wazima dawa hii inaweza kupunguza mbegu wakati wanaimeza, na mwanao akifika utu uzima akataka watoto hilo litazungumzwa na daktari wake. Lakini watafiti wa Ufaransa waliwapima vijana wenye selimundu walioimeza kabla ya balehe, wakakuta mbegu zao hazina tofauti na za wenzao wasioimeza. Selimundu yenyewe, usisahau, nayo inaharibu uzazi wa wanaume. Na kuhusu saratani, watoto wamekuwa wakiimeza kwa miaka mingi sasa na hakuna wimbi la saratani lililoonekana kwao.

Madhara yanayotupa kazi ni ya kawaida: chembe nyeupe au chembe sahani (zile za kugandisha damu) zinaweza kushuka mno, ndiyo maana FBP, kipimo cha kuhesabu chembe za damu, haikwepeki, mwanzoni kila mwezi, baadaye kwa vipindi virefu zaidi. Zikishuka tunasimamisha kwa muda, zinapanda, tunaendelea. Jingine ni la jikoni. Kapsuli nyingi zinazopatikana ni za miligramu 500, na mtoto wa miaka 6 huenda hahitaji nzima kila siku. Kuna kliniki zinazopanga siku za kumeza na siku za kupumzika, kuna zinazofundisha kuifungua na kuipima kwenye maji. Fuata ya kliniki yako. Ila mwenye mimba asiguse unga wake, na ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Umeuliza pia kama msubiri. Kusubiri bila dawa si kusubiri, ni kumpunguza mtoto. Kinachoharibika kwa SS hakirudi: bandama, figo, na zaidi ubongo. Bila uchunguzi na kinga, karibu mmoja katika kila watoto 10 wenye SS hupata kiharusi kabla ya miaka 20. Ipo dopla ya kichwani, kifaa kinachowekwa kwenye panja na kusikiliza damu inapita kwa kasi gani kwenye mishipa ya ubongo. Haichomi, haiumi, mtoto anaweza kuwa anatazama katuni. Ikizidi sentimita 200 kwa sekunde yuko kwenye hatari kubwa. Bugando, Mwanza, walifanya utafiti kwa watoto wenye kasi za juu, wakawapa haidroksiyurea, na kasi ikashuka. Kwa hiyo uliza kliniki: mwanangu amewahi kupimwa dopla? Kama hajapimwa, uliza anapelekwa wapi.

Tena si kila kipya kinadumu. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha dawa mbili mpya za selimundu ndani ya mwezi mmoja, na sisi madaktari tulizishangilia. Moja, voxelotor, ilipandisha himoglobini vizuri sana kwenye karatasi; Septemba 2024 kampuni yenyewe iliiondoa sokoni dunia nzima kwa sababu ya vifo na mashambulio yaliyoonekana kwa wagonjwa. Nyingine, krizanlizumabu, ya sindano, ilipojaribiwa upya haikuishinda dawa bandia ya kulinganishia, isiyo na kiambato, na Ulaya ikafuta kibali chake mwaka 2023. Katikati ya vishindo hivyo haidroksiyurea ya bei ya chini ilikaa palepale. Simaanishi mpya zisifanyiwe kazi. Mwaka 2024 watafiti wa Novartis walichapisha habari za molekuli ya kumeza inayovunja protini nyingine inayozima gama, iitwayo WIZ. Kwa panya na nyani himoglobini ya kichanga ilipanda. Kidonge cha namna hiyo kikifaulu kwa watu, hapo ndipo Kilosa itakapoingia kwenye hadithi, kwa sababu kidonge kinapanda basi, chumba cha kutengwa hakipandi.

Kuna njia moja ya kupona kabisa ambayo iko ndani ya nchi na video yako haikuitaja. Ni kupandikizwa uboho wa ndugu. Mwaka 1984 hospitali ya St. Jude, Memphis, ilieleza habari za binti aliyekuwa na saratani ya damu na selimundu kwa pamoja. Alipandikizwa uboho kwa ajili ya saratani, vikaondoka vyote viwili. Hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekuwa ikiwapandikiza watoto wenye selimundu tangu 2023. Sharti kubwa ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja anayelingana naye, na kwa kila ndugu uwezekano ni mmoja kati ya wanne. Ndugu mwenye AS, yaani mwenye jeni moja tu ya selimundu na haumwi, anafaa kuchangia. Nayo inatumia kemotherapi, ina hatari zake, haifanywi kwa kila mtoto. Lakini kama mwanao ana ndugu wa tumbo moja, swali la kuuliza kliniki ni hili, kabla ya lile la Marekani.

Mama mkwe. Hapa nitakuwa mwangalifu, maana ninaingia kwenye nyumba ya watu. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa baba. Haiwezekani vingine. Ninyi wawili mna AS, hamuumwi, na mwanao alibahatika vibaya. Kila mimba yenu ni kura mpya: moja kati ya nne mtoto kuwa SS, mbili kati ya nne kuwa AS kama ninyi, moja kuwa AA, asiye na S kabisa. Kwa hiyo kama kuna "upande", ni pande mbili, na mmoja wa wazazi wa mumeo anayo vilevile. Kama ni mama mkwe au ni baba mkwe, kipimo kitasema, wala sikushauri umlazimishe. Wala S si aibu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wenye AS wanakingwa dhidi ya malaria. Vipimo vya baadaye Kilifi vilionyesha kinga dhidi ya malaria kali inafika karibu asilimia 90. Babu na bibi zenu walivuka na S hiyo mahali ambapo wengine hawakuvuka. Mwanao mwenye mbili hana kinga hiyo, kwake malaria ni adui mkali, chandarua kisikosekane.

Mkipata mimba nyingine, mtoto apimwe mara akizaliwa, na msikubali kipimo cha sikling, kile cha kuangalia kama chembe zinapinda, peke yake. Niliwahi kumpokea binti wa chuo aliyeishi miaka tisa akijua ni mgonjwa, asicheze michezo, hata mchumba alimkataa, kwa sababu kituo kimoja kilimpima sikling, damu ikapinda, wakaandika "anao". Alikuwa AS. Kipimo hicho hakitofautishi AS na SS, na kwa kichanga ndiyo hakifai kabisa, kwa sababu himoglobini ya kichanga inaficha. Ombeni elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini, au kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinachoonyesha mistari ya A na S.

Mpaka siku ya kliniki: foliki iendelee, maji ya kunywa yasipungue hasa akitoka kucheza juani. Uliza kama alipata chanjo zote za nimonia. Joto likifika 38.5, usingoje asubuhi wala usinunue dawa dukani, mpeleke hospitali usiku huohuo. Na jifunze kuipapasa bandama: mlaze chali, weka vidole chini ya mbavu za kushoto, avute pumzi. Jamaika waliwafundisha akina mama kufanya hivyo, na vifo vya watoto kutokana na bandama kujaa damu ghafla vilipungua sana. Ikivimba kwa haraka, mtoto akapauka, ni dharura. Muuguzi wa kliniki akuoneshe mara moja kwa mkono wako mwenyewe.

Beba kapsuli zilizobaki na kadi. Usione haya kusema uliacha. Tunasikia hivyo kila juma, na ukinyamaza daktari ataona dawa "imeshindwa" na kupandisha dozi bure. Na nenda na shemeji, msigombane naye, amesema kwa kumpenda mtoto. Kwenye karatasi ya FBP kuna mstari umeandikwa MCV, ukubwa wa chembe nyekundu. Mwambie aangalie ya mwaka jana mtoto akiwa anameza, kisha aangalie ya siku hiyo. Kwa anayeimeza vizuri inapanda, akiacha inashuka. Ataiona miezi yenu mitatu hapohapo, bila kuuliza mtu.